Kidole cha Mama Mkwe

Pale Nansio, mji wetu wa kisiwani, harusi ambayo Getruda hakusimamia masufuria ilisemwa mwaka mzima. Alikuwa mpishi wa shughuli, wa ndoa na wa misiba, mwanamke mnene wa sauti nene ambaye mafuta ya moto yakimrukia anayafuta kwa kanga na kuendelea kugeuza. Kuku alimchinja mwenyewe. Sangara mkubwa wa kubebwa na watu wawili alimpasua mwenyewe. Lakini mwonyeshe damu yake yeye, hata ile ya kujikwaruza, uone mtu mzima anavyotafuta pa kushika! Wenzake jikoni walimcheka kwa hilo tangu ujana, naye alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa.

Sasa Mungu naye ana mambo yake. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kuambiwa kwamba uhai wake utategemea tone la damu kutoka kidoleni, wiki baada ya wiki, mpaka atakapoitwa.

Ilianza na pumzi. Getruda akawa hawezi kupanda kale kamwinuko ka kanisani bila kukaa chini njiani. Hospitalini Mwanza wakamwambia moyo wake uliharibika tangu utotoni, kwa homa ya viungo ambayo nyumbani kwao Magu waliichukulia kuwa malaria tu. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa umekakamaa. Akapelekwa Dar es Salaam, akapasuliwa kifua, akawekewa mlango mpya uliotengenezwa kiwandani. Alipozinduka alistaajabu siku nzima. Moyo wa mtu wameushika kwa mikono, wameusimamisha, wameushona, halafu wakauambia haya endelea, nao ukaendelea! Mpaka leo ukimwuliza habari za Dar atakuambia mji hakuuona, aliona dari la wodi tu, ila aliona makuu.

Mlango huo una masharti yake. Damu inapopita hapo hupenda kuganda, kwa hiyo kila jioni Getruda anameza kidonge cha warfarini ili isigande. Dawa ikizidi nguvu, mtu anavuja damu ndani kwa ndani, hata kichwani. Ikipungua, damu inaganda mlangoni na moyo unaziba. Katikati pana njia nyembamba, na njia hiyo inapimwa kwa namba. Kwa Getruda namba ni kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Mchicha na matembele ale, lakini asile wiki hii kwa fujo na wiki ijayo asiguse. Mwanzoni alikuwa anapanda meli kwenda Mwanza kupimwa, mpaka mwanawe Nestory aliyeko Dar alipomnunulia kimashine cha kujipimia nyumbani, kinachoenea kiganjani. Unachomeka kijiti cha kupimia, unajitoboa kidole kwa kisindano, unaweka tone, unasubiri namba, kisha unampigia nesi Specioza wa kliniki ya moyo kule Mwanza.

Unajitoboa, ndivyo walivyomwelekeza. Getruda hakujitoboa hata siku moja. Binti yake Dorcas, aliyekaa nyumba ya pili, ndiye aliyefanya kila kitu. Getruda alinyoosha kidole, akageuza uso ukutani, akaanza Salamu Maria kwa sauti mpaka aambiwe yamekwisha.

"Mama, ipo siku itabidi ufanye mwenyewe," Dorcas alimwambia.

"Siku hiyo mtakuwa mmeshanizika," Getruda alimjibu.

Hiyo nyumba ya pili Dorcas alikaa na mumewe, Luhende, fundi wa injini za mitumbwi. Hapa lazima nieleze jambo, maana ninyi wa siku hizi mtadhani nawatania. Kwa mila aliyolelewa nayo Getruda kule Usukumani, mama mkwe na mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anapisha na kuangalia pembeni. Wala si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Vijana wengi wa mjini wameshaacha, na paroko alishawaambia si dhambi kusalimiana kwa mikono kama watu. Lakini Luhende alikuwa Msukuma wa Kwimba, naye Getruda alikuwa Getruda. Tangu ndoa walisalimiana kwa mbali, mmoja uani kwake na mwingine uani kwake. Luhende akiwa na samaki wa kumpa mama mkwe, alimweka juu ya kigoda nje, akakohoa, akaondoka. Getruda alimpenda mkwe wake kupita maelezo, na mapenzi yenyewe yalikuwa ndiyo hayo ya kupishana.

Balaa lilianzia tumboni. Getruda alirudi kutoka msibani tumbo likimsokota, akafanya kama tunavyofanya sote. Alipita duka la dawa, akanunua metronidazo, ile ya amiba, akameza siku kadhaa na tumbo likatulia. Kumbe vidonge hivyo na warfarini haviivi chungu kimoja! Vinaipandisha nguvu mpaka inapita kiasi. Specioza alikuwa amemwonya, tena si mara moja, kwamba asimeze dawa yoyote bila kuuliza. Lakini dawa ya tumbo nayo ni dawa? Hivyo ndivyo alivyojisemea mwenyewe, na wala hakuona haja ya kumwambia Dorcas.

Jumapili mchana, Dorcas akiwa amevuka na mtoto wake Justa kwenda Mirongo, kule Mwanza, kwenye kipaimara cha ndugu, Getruda akaona fizi zake zinavuja. Akasukutua, zikavuja tena. Akatema kwenye beseni na maji yakawa mekundu. Kisha pua nayo ikaanza. Akakaa kitandani na kumpigia Specioza.

"Mama yangu, umemeza dawa gani mpya?"

Getruda akamtajia.

"Pima sasa hivi," Specioza akasema. "Nikikuambia umeze cha leo na namba iko juu, damu inaweza kukumwagikia kichwani. Nikikuambia usimeze na namba iko chini, mlango unaziba. Siwezi kubahatisha na roho ya mtu. Na hapo kisiwani hakuna kitu kitakachokupa jibu haraka kuliko hiyo mashine yako."

"Dorcas hayupo."

"Basi jipime wewe. Nasubiri, usikate, Dorcas nampigia kwa simu nyingine."

Vijiti vilibaki viwili tu. Nestory alikuwa ameshatuma vingine, lakini vilikuwa bado njiani. Getruda akachomeka kimoja, akafumba macho, akabonyeza kisindano. Alipochungulia, kidoleni palikuwa na kitone kidogo, maana vidole vya mpishi vina sugu. Akakipeleka kwenye kijiti, akaona hakitoshi, akakamua kidole kama limau na kuongeza kingine juu yake. Mashine haitaki nyongeza. Ikalia, ikaandika kosa, na kijiti kikawa kimeharibika. Kikabaki kimoja.

Nje mtu akakohoa.

"Shikamoo mama." Sauti ya Luhende ilitoka mbali, kwenye karo la maji.

"Marahaba, Baba Justa."

"Dorcas amenipigia kutoka Mwanza. Nimegonga kwa jirani, Mama Kashindye, apatikane mwanamke wa kukusaidia, hakuna mtu, wako shamba wote. Nikusomee maelekezo? Karatasi yake ninayo, mimi ndiye huibadilishia mashine betri."

Akasogea mpaka mlangoni, akasimama nje ya pazia, mgongo umeelekea ndani. Akasoma kama anayesoma somo kanisani. Nawa kwa maji ya uvuguvugu. Kausha vizuri. Shusha mkono chini ili damu iteremke. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole. Getruda alinawa, akakausha, akashusha mkono. Kisindano alipokishika, kikamponyoka.

"Siwezi," akasema. "Baba Justa, siwezi. Kimebaki kimoja."

Getruda alikaa pale na damu mdomoni, na nitasema wazi alichohisi kwa sababu mwenyewe hafichi: aliogopa kufa. Na aliogopa vilevile kuwa mwanamke aliyeshikwa mkono na mkwe wake. Mambo hayo mawili yalikuwa na uzito uleule kwake, ndugu yangu, usicheke. Halafu akamwaza Justa atakavyorudi kutoka kwenye sherehe na kukuta watu wamejaa uani.

Akavuta kigoda mpaka mlangoni, akasukuma nje mashine, kijiti na kisindano, akajifunika uso kwa kanga, akatoa mkono nje ya pazia.

"Chukua," akasema. "Mungu ananiona mimi, na wewe anakuona."

"Mama..."

"Chukua, baba, kabla sijabadili mawazo!"

Alimsikia akienda karoni kunawa, na alinawa muda mrefu. Kisha Luhende akakaa kizingitini, upande wake wa pazia. Akasema, "Samahani, mama," akaupokea mkono. Viganja vyake vilikuwa vikavu. Alikisugua kidole taratibu kutoka kiganjani kuelekea nchani, bila kukamua.

"Upo tayari?"

"Usiniulize!"

Kikalia tap. Getruda akasahau Salamu Maria. Sijui ni kitu gani kilimpata, hata yeye hajui, lakini alishusha kanga na kuchungulia pembeni mwa pazia. Akaiona damu yake. Tone limesimama juu ya kidole, duara, jekundu, linang'aa juani. Luhende akalisogezea kijiti, na kijiti kikalinywa chenyewe, bila kusukumwa, damu ikakimbia ndani yake kama inayojua inakokwenda. Getruda hakuzimia. Alibaki mdomo wazi. Tone dogo kiasi kile, na ndani yake limeandikwa kama yeye ataamka kesho!

Mashine ikaanza kuhesabu.

"Mama," Luhende akanong'ona baadaye kidogo, "hii mashine inalia. Inagonga, tik, tik, tik. Sijawahi kuisikia hivi. Isije ikawa imeharibika."

Getruda akasikiliza.

"Si mashine, Baba Justa," akasema. "Ni mimi."

Kumbe kijana wa watu hakuwa anajua! Dorcas alishazoea mlio ule, na Justa alishalalia kifua cha bibi yake akaupenda, ila Luhende hakuwahi kukaribia kiasi cha kuusikia. Getruda akamweleza kupitia pazia kwamba ndio mlango wa Dar, unafunguka na kufunga, usiku na mchana, hata sasa. Luhende alivua kofia yake polepole, akaiweka gotini, mkono wa mama mkwe bado umo kiganjani mwake.

Kisha namba ikatokea. Akaisoma, akairudia, akaisoma tena ili asikosee.

"Saba nukta nne."

"Yesu na Maria," akasema Specioza kwenye simu. "Mama, usimeze cha leo, umenisikia? Usikiguse kabisa. Baba, mtafutie bajaji iende polepole, asijigonge popote. Nampigia daktari wa zamu hapo Nansio sasa hivi, mama atakuta wanamsubiri."

Walimkuta daktari amesimama mlangoni. Hospitalini wakampa Getruda dawa ya kuirudishia damu nguvu ya kuganda kidogo kidogo, kwa hadhari, ili isije ikaganda kwenye ule mlango. Dorcas alirudi kwa meli ya kesho yake na macho mekundu. Getruda alilala wodini mpaka namba iliposhuka, na siku ya kumruhusu daktari akamwambia bila kumung'unya maneno: mama, ungemeza kile kidonge cha Jumapili, sidhani kama tungekuwa tunaongea. Getruda aliitikia kwa kichwa. Hakuwa anamsikiliza sana. Alikuwa anakitazama kidole chake cha shahada kama mtu aliyerudishiwa kitu chake baada ya miaka mingi.

Mjini walisema, unadhani wangeacha? Wapo waliosema mkwe aliyemshika mama mkwe lazima atoe mbuzi mambo yasafishwe. Getruda akawaambia mbuzi akija atampika yeye, na wao wasije kula.

Vijiti vya Nestory vilipofika, siku ya kupima Dorcas akatandika kitambaa mezani, akaandaa kila kitu, akasubiri mama yake ageukie ukuta.

"Mwite mume wako," Getruda akasema.

"Baba Justa? Humu ndani?"

"Una masikio mangapi? Mwite."

Luhende alikuja, akasimama mlangoni, macho chini, hajui aweke wapi mikono. Dorcas naye alishika mdomo.

"Ingia, mwanangu," Getruda akamwambia. "Kaa hapa karibu yangu uone vizuri."

Akaingia, akakaa. Getruda akakichukua kisindano mwenyewe kutoka mkononi mwa Dorcas, akashusha mkono, akakisugua kidole taratibu, akajitoboa macho yakiwa wazi. Na wote watatu wakainama, vichwa karibu vigusane, kuitazama damu ikipanda.