Mashahidi Wenye Njaa

Kuna harufu moja inayonirudisha utotoni popote nilipo: maji ya maharagi yakimwagwa juu ya mawe ya volkano yaliyopigwa na jua. Nyumba yetu ya mbao ilikuwa mtaa wa Mapendo, hapa Goma, na ua wake ulikuwa mawe meusi matupu. Ukianguka, uliacha ngozi ya magoti hapohapo. Mwaka nilipotimiza miaka minane, ua ule uligeuka kitalu. Mama alikuwa mtafiti wa misitu, akiandika tasnifu yake ya udaktari, na alitaka kujua kama musave, mti wetu wa maua ya manjano, unaweza kukua katika mawe yaliyopondwa, na kwa mbolea kiasi gani. Kila asubuhi alipiga magoti na rula yake mbele ya miche, akiisalimia kwa namba. Majirani walimwita Mama Miti, naye aliitika kwa fahari.

Miche ilipangwa safu nne katika vifuko vyeusi. Safu tatu zilipata mbolea, kila moja kwa kipimo chake. Ya nne haikupata kitu ila maji, na mbele yake Mama alichomeka kibao cha Kifaransa: témoins, yaani mashahidi. Ah, neno hilo nililijua sana! Kwenye harusi ya shangazi yangu, témoins ndio walioketi mbele, wamependeza kuliko wote, wakapakuliwa nyama kabla yetu sote, na Fanta zao zilikuwa baridi. Sasa hawa wa kwetu walikosa nini hata wanyimwe chakula? Walikuwa wafupi, majani yamepauka, na wenzao pembeni wananenepa. Roho iliniuma kwelikweli. Nikaona kwamba Mama, pamoja na masomo yake yote, hajui mambo ya harusi.

Basi nikawa mwenyeji wao. Niliokota mavi ya mbuzi wa jirani, nikayaponda katika maji ya maharagi yaliyopoa, na Mama akishaenda chuoni niliwagawia mashahidi kikombe kimojakimoja, nikiwaomba radhi kwa niaba ya nyumba. Lo, walikula! Mvua zilipokatika walikuwa wamewapita wengine wote, nami nilitembea uani kifua mbele.

Mama alipima, akapima tena. Kisha akatupa rula, akaanza kucheza peke yake juu ya mawe, kitenge kikimfunguka. Musave hauhitaji mbolea! Mawe yote kutoka kwetu hadi Kanyaruchinya yangeweza kupandwa na mtu asiye na kitu mkononi. Alimwita profesa wake, naye akafika kesho yake na viatu vinavyong'aa. Nilimsikia akisema kwamba kwa matokeo haya tasnifu itakwisha mwaka huohuo. Mama aliniangalia akacheka, na sijawahi kumwona mzuri vile. Ndipo profesa alipoinama juu ya safu ya nne na kusema taratibu, "Témoin ndiye anatuambia ukweli, maana wengine wote tunawalinganisha naye. Huyu akidanganya, kazi yote ni bure."

Nilitamani kukimbilia nyuma ya choo, lakini mdomo ulinitangulia.

"Mama, ni mimi nilikuwa nabapa chakula."

"Ulikuwa unapa nani?"

"Batémoins. Mavi ya mbuzi na maji ya maharagi. Sababu ku harusi bo ndio banakulaka ba kwanza."

Mama aliketi juu ya jiwe. Miezi yote ile! Machozi yalimtoka, mimi nikalia kwa sauti, profesa akafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Halafu mabega ya Mama yakaanza kutikisika, nikatambua kwamba anacheka. "Mutoto huyu!" akasema, akinivuta kifuani. "Mutoto huyu ataniua!"

Alianza upya, msimu mzima wa mvua, na mlinzi wa mashahidi nilikuwa mimi, nimekatazwa huruma. Safari hii walibaki wamekonda. Mama akaandika ukweli: musave unataka mbolea, japo konzi moja. Watu wakaambiwa hivyo, wakapanda hivyo, na miti yao ikashika.

Ile miche yangu minono haikufaa tena kwa utafiti, na Mama hakuweza kuitupa. Aliipanda kando ya ukuta. Leo nyumba ni ya matofali, na misave miwili iliyobaki imepita bati, ikimwaga maua yake juu ya nguo zilizoanikwa. Mama ana mvi, na bado anawafokea wanafunzi wanaowahurumia témoins wao. Kisa changu huwahadithia kila mwaka, akikiongezea chumvi. Juzi nililala kwake. Asubuhi nilisikia ile harufu, nikachungulia dirishani. Alikuwa uani na kikombe cha maji ya maharagi, akimimina kwenye shina la kwanza, kisha la pili, akiyaomba radhi kwa sauti ndogo. Nikarudisha pazia taratibu. Safari hii shahidi ni mimi, na sisemi.