Tarehe ya Kurudi

Muuguzi wa zahanati ya Mtunda hung'ata kifuniko cha kalamu akikasirika, na tangu mhubiri mmoja mgeni atangaze kwamba dunia inaisha tarehe ishirini mwezi ujao, vifuniko havidumu. Leo Aika, mwenzake wa kwaya, kaja kurudisha kadi ya kliniki ya mwanawe, eti haitahitajika tena. Muuguzi akasugua viganja vipate joto, kama kawaida yake, ndipo akampokea mtoto na kumpima uzito.

"Dada, Yesu alisema siku hiyo hata malaika hawaijui. Huyo mhubiri wenu kanong'onezwa na nani?"

Hata yeye muuguzi angependa kuijua. Kila alfajiri humwomba Bwana aje, kisha huvaa sare na kwenda kazini. Akaandika tarehe ya kurudi, ishirini na moja mwezi ujao, akiikandamiza kalamu mpaka kadi ikatoboka.

"Saa mbili asubuhi. Ole wako uchelewe!"