Jina la Mukuka katika Daftari la Gereza

Mwaka ule nchi ilikuwa imekatwa vipande viwili na vita, na serikali haikuwapa tena wafungwa chakula. Mwenye ndugu mjini Lubumbashi alikula alicholetewa. Asiye na ndugu alingoja makombo. Ndipo wanawake kumi na wawili wa parokia moja ya mtaa wa Bel-Air walipogawana wafungwa wasio na watu, kila mama na wake. Chama cha hisani cha ng'ambo kikawalipia wakili, Maître Kalenga, afuatilie mafaili yaliyolala.

Adolphine, mjane wa Mukuka aliyekuwa karani wa reli, alipewa Paluku, Mnande wa Butembo huko mashariki, mwandishi wa mizigo wa tajiri mmoja wa malori. Lori moja lilikamatwa likiwa na maharagwe yasiyo na karatasi. Tajiri akatoroka, mwandishi wake akashikwa. Miezi kumi na tisa alikuwa hajamwona hakimu. Jamaa zake walikuwa upande wa pili wa vita, ambako hata barua haikupita.

Kila Jumanne na Ijumaa Adolphine alipeleka bukari, yaani ugali, na mboga za lengalenga, wala hakutaja jina lake langoni. Katika ukoo wa Mukuka hakuna aliyewahi kuandikwa gerezani, na yeye, aliyefundisha darasa la sita miaka ishirini na mitatu, hakukusudia kulipeleka jina hilo huko.

Siku moja mlinzi akamwambia akicheka, "Mama Mukuka, mutoto yako ya Butembo ananona kushinda sisi balinzi."

Adolphine akasimama. Amelijuaje jina hilo? Mlinzi akapindua sufuria tupu aliyokuwa akimrudishia. Chini yake, kwa rangi nyekundu, palikuwa pameandikwa MUKUKA, kama akina mama wa mji wanavyoandika vyombo vyao ili vikiazimwa matangani virudi kwa wenyewe. Tangu mwezi wa kwanza mkuu wa lango alikuwa amejaza daftarini, mbele ya jina la Paluku: ndugu, Mukuka wa Bel-Air.

Adolphine alinyakua sufuria. Alikwenda moja kwa moja kwa wakili kutaka jina lifutwe. Kalenga alimwacha amalize, kisha akamweleza kwamba hakimu amekubali Paluku atoke na kungoja kesi akiwa nje, kwa kuwa tu daftari linaonyesha ana ndugu mwenye nyumba hapa. Ilibaki sahihi ya ndugu huyo kumdhamini.

"Mi siko mama ya mwizi," Adolphine akasema.

"Haiko mwizi, mama. Iko muntu mwenye kukosa bantu. Ukitosha ile jina mu daftari, atabakia mule."

Siku tatu hazikumpa raha. Kutia sahihi uongo hakuweza; kulifuta jina kungekuwa kumfungia mtu mlango kwa mkono wake mwenyewe. Akamwita shemeji yake Mwape, mkubwa wa ukoo.

"Shemeki," Mwape akasema, "jina ya kaka yangu haikuingia mule hata siku moja. Leo ni weye unaipeleka?"

Alimjibu kwamba limekwisha kuingia. Lililobaki ni kuamua kama likae mle kama uongo au kama kweli. Mwape alikunywa chai yake yote, akaaga.

Asubuhi Adolphine alivaa nguo za kanisani, akaenda kwa hakimu. Hakuandika kwamba yeye ni mama wala shangazi. Kwa mwandiko wake wa ubaoni aliandika: "Atakaa nyumbani kwangu. Nitajibu mimi."

Hakimu aliipokea karatasi hiyo, na Paluku akatoka Alhamisi, akapewa chumba cha nyuma. Kila Jumatatu ilimpasa kwenda kuripoti, na mama alimkagua kola kabla hajatoka.

"Unatembea na jina ya bwana yangu," alimwambia. "Shati ikikunjamana, utarudi mule na miguu yako mwenyewe."

Wale wanawake wengine waliposikia, nao wakataka majina yao yaandikwe wazi. Kufikia Pasaka wafungwa saba walikuwa wakingojea kesi zao nyumbani kwa watu.

Mwape naye aliulizwa sokoni Kampemba na mwuza samaki, mbele ya wateja, yule Mnande anayelala kwa marehemu kaka yake ni wa nani.

"Ni wetu," akajibu, akaendelea kuchagua samaki.