Hakuna Mtu Kule, Sir

Nianze kwa kukiri: hadithi hii inaniacha nikiwa mjinga. Nimejaribu kuisimulia kwa namna nyingine, nikamgeuza mjinga awe mtu mwingine, haikubali. Nimestaafu usikyuriti nikiwa na miaka ishirini na tisa. Chekeni tu. Lakini ninyi wadogo zangu mnaotaka kuja Dubai kulinda milango, kaeni niwaambie kazi hii ilivyofanywa enzi zangu, maana enzi zangu ziliisha mwaka jana.

Siku ya kwanza nilipewa yunifomu ya mtu mnene. Mkanda niliutoboa tundu jipya kwa msumari, suruali bado ikawa inatangulia kukaa kabla yangu. Supavaiza alitupanga mstari kando ya basi la kampuni akatufundisha kazi yote kwa dakika tano.

"Askari ana majibu matatu," alisema. "Ndiyo sir. Hapana sir. Nitaripoti sir. Likitoka la nne, khalas, imekwisha, umejifukuza mwenyewe."

Nikauliza, "Na akiwa madam?"

Wenzangu walicheka. Supavaiza hakucheka. Aliandika jina langu, na hata chai sikuwa nimekunywa.

Lindo langu la kwanza lilikuwa hoteli ndogo mtaa wa Muraqqabat. Lindo ni pale unapopangiwa kusimama, na kusimama ndiyo kazi yenyewe, kwa muda wa saa kumi na mbili. Kuna daftari la matukio: kila saa unaandika kilichotokea, na kama hakijatokea kitu unaandika "shwari". Mimi nimeishia shule ya msingi, lakini shwari yangu ilikuwa na mwandiko wa kuringia. Siku lifti ilipokwama na mgeni ndani niliandika shwari, kwa sababu mgeni alikuwa ametulia. Meneja wa hoteli akaomba nihamishwe. Supavaiza akanipeleka mahali ambako, kwa maneno yake, hata mimi nisingeweza kuharibu kitu: mapokezi ya ofisi za kampuni moja ya mafuta, ghorofa ya juu, marumaru mpaka kwenye kuta.

Nilikuwa napokezana zamu na kaka Bakari, Mtanzania wa Tanga, mtu mzima, ambaye alikuwa ameshasimama Dubai miaka mingi kuliko niliyosoma. Yeye alinifundisha kusimama kwa kuhamisha uzito mguu mmoja baada ya mwingine bila bosi kuona. "Mganda wewe," aliniambia, "miguu ipumzike, na mdomo upumzike zaidi." La miguu nilishika.

Pale mapokezi kulikuwa na ramani kubwa nyuma ya kioo, kijani tupu, imechorwa mistari myekundu. Wiki nzima niliipita. Siku moja nikaona mto unaokunja kama kiwiko, nikasogea. Kiwiko hicho nakijua. Nimeoga hapo.

Natoka magharibi mwa Uganda, msitu unapogusana na Kongo. Watu wangu ni wa msituni toka mwanzo, hatukuhamia, tulikutwa. Kila ukoo una mti wake wa asali, mti mkubwa ambao nyuki wanarudi kila mwaka. Unaukwea na moshi wa majani mabichi wa kufukuza nyuki, unaurithisha, na jirani hawezi kuugusa hata akifa njaa. Mti wa babu yangu alibaki nao shangazi, aliyenilea.

Basi nimebandika pua kwenye kioo, nyuma yangu mtu akakohoa. Alikuwa Meneja wa Miradi, ndiye anayeamua barabara za kwenda kwenye visima vya mafuta zipite wapi.

"Unapafahamu hapo?"

"Ni kwetu, sir."

Uso wake ulifunguka kama duka. "Kweli? Ndani humo wanaishi watu?"

Hapa ndipo mnisikilize. Kwetu mtoto hufundishwa jibu la swali hili kabla hajafundishwa kusalimia. Tangu askari wa hifadhi walipoanza kuchoma vibanda, mtu yeyote mwenye viatu vizuri akikuuliza nani anaishi msituni, unasema: hakuna, tunapita tu, tunaokota kuni. Waliosema kweli walipigwa, wengine wakafungwa. Mimi nilikuwa nimevaa yunifomu mwenyewe, nipo mbali na nyumbani safari ya ndege mbili, na bado mdomo ulijibu peke yake.

"Hakuna mtu kule, sir. Tunapita tu."

Ningeishia hapo ingekuwa nusu ya ujinga. Lakini aliniangalia kama anayenipenda, nami mtu akiniangalia hivyo lazima nimchekeshe. Nikaongeza: "Ukiona moshi, sir, ni nyani wanapika."

Alicheka mpaka akashika meza. Akaita wenzake wawili. "Hebu rudia." Mmoja akainua simu, nikarudia, na mikono nikaitumia. Wakanikalisha kwenye kochi la wageni, wakaniletea kahawa kwenye kikombe chenye kisahani.

Kaka Bakari alipokuja kunipokea nilimsimulia kwa majigambo. Yeye hakuvua hata kofia.

"Walikurekodi?"

"Kidogo tu, kaka."

"Umesaini nini?"

"Sijasaini kitu. Tumecheka tu."

"Basi umesaini," akasema, akafungua daftari la matukio akaanza kuandika.

Haukupita mwezi, binamu yangu Musa akanitumia sauti kwenye simu. Kulikuwa na mkutano kwetu. Watu wa kampuni ya mafuta walikuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani, wakusanye majina ya wenye makazi msituni, ili barabara ikipita wahamishiwe mahali pa kueleweka. Ghafla nikatokea mimi, mkubwa kama mlango, na yunifomu. "Watu walipiga vigelegele," Musa alisema. "Yule mtoto wetu! Halafu ukafungua mdomo." Mwenye mashine akawaambia: mwenzenu mwenyewe anasema hakuna mtu. Daftari la majina likafungwa jeupe.

Nilimsubiri Meneja wa Miradi mlangoni pa lifti.

"Sir, siku ile nilidanganya. Kuna watu. Shangazi yangu yupo mle."

Hakukasirika. Heri angekasirika. "Ulidanganya siku ile," akauliza taratibu, "au unadanganya leo?"

"Siku ile, sir. Tunafundishwa kusema vile."

"Na leo umefundishwa na nani?"

Nikaanza kuwataja waliomo. Shangazi Nyangoma. Mzee Isingoma na wake zake. Musa na pacha wake. Niliendelea kutaja, lifti ikafika, akaingia, akabonyeza, milango ikajifunga nikiwa nimefika kwa watoto wa Musa.

Kesho yake Supavaiza hakupiga kelele. "Umempa sir jibu la nne," alisema. "Tena la kumi, la ishirini. Yalla, nenda Satwa." Satwa nililinda gereji, nikawa nahesabu matairi yanayoingia na kutoka. Pale sikumchekesha mtu. Baada ya Satwa wakanipeleka Al Twar, geti la nyumba moja ya familia, ambapo madam alinisifu kwa kampuni kwamba mimi ndiye askari mkimya kuliko wote waliowahi kumletea. Mkataba ulipoisha sikuongeza. Sasa naosha magari mtaa huohuo, na gari haliulizi unatoka wapi.

Mkitaka ushauri wa kazi, ninao: viatu nunueni namba moja zaidi, miguu huvimba. Daftari la matukio liandikeni kweli. Zaidi ya hapo sijui niwaambie nini. Barabara imepita. Musa alinitumia picha, ni nyekundu, imenyooka, nzuri kwa kweli, na pembeni kuna maturubai ambamo watu wangu wanaishi mpaka watakapoambiwa wasogee tena. Wazee wawili wameshafia pale. Wamezikwa kwenye ardhi ya watu.

Shangazi sikumpigia miezi mingi. Niliogopa. Mwezi uliopita, mchana, kitambaa cha kufutia magari bado mkononi, nikapiga. Nikamwomba radhi mpaka nikaishiwa maneno. Aliniacha nimalize, nikasikia malori yanapita karibu naye.

"Mwanangu," akasema, "mti wa babu yako watu wa barabara walishaupaka rangi ya kuukata kabla hujapata pasipoti. Tulikuficha habari. Ungejua ungeghairi safari, na tulitaka abaki hata mmoja wetu mwenye pa kulala."