Hatua za Baba Juu ya Mataruma

Behewa lilimgonga Baba mgongoni, na mimi nikafikiri ameinama kuokota kitu.

Muda mfupi kabla, tulikuwa tunacheka. Nilikuwa nimempelekea viazi vitamu pale njia panda ya reli, chini ya maduka ya Adams Arcade, ambapo kazi yake ilikuwa kugeuza reli ili mabehewa yabadilishe njia. Alinukia grisi. Alinivunjia kiazi, akakipuliza, akasema, "Kula, mama, usiniachie maganda tu." Halafu akaondoka juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, akiyumba huku na kule.

"Baba, unacheza na hakuna ngoma!"

Behewa lile halikuwa na breki. Wenzake walimsikia asubuhi ile akimwambia hivyo msimamizi, Makokha. Lakini jioni Makokha alichuchumaa mbele yangu, akanipa peremende.

"Sema ukweli, mtoto mzuri. Baba alikuwa anayumba?"

Nikasema ndiyo. Akaandika kwamba Baba alikuwa amelewa, na mimi nikaamini hivyo mpaka nikazeeka.

Juzi nilipita pale. Nyasi zimefunika kila kitu, reli imeliwa na kutu. Nikajaribu kutembea juu ya mataruma, na mwili wangu ukayumba vilevile, kwa sababu hayakupangwa kufuata hatua ya mtu.

Makokha, uko hai, unaota jua kwako Loresho. Wewe ulitembea juu ya mataruma hayo kila siku. Ulijua. Njoo umwambie mama yangu, aliyeishi miaka yote akiamini mumewe alikufa mlevi, kwa nini uliniuliza mimi.