Tabasamu la Sufu la Warda

Warda, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, anauza ndizi na mboga za lengalenga soko la Anderlecht, Brussels. Ukimwuliza anapenda nini katika kazi hiyo, hatakutajia faida. Anapenda kuvutana bei. Mteja akilipa bila maneno, Warda humwona kama mgeni aliyekula akaondoka bila kuaga.

Baridi ya Januari iliyopita ilimchuna mashavu mpaka akaamua kujifumia barakoa ya sufu ya kufunika uso mzima. Uzi uliobaki dukani ulikuwa wa rangi ya waridi iliyofifia, akauchukua huo huo. Tundu la jicho la kushoto likatoka kubwa kuliko la kulia. Halafu akawaza: nikifunika mdomo, wateja watajuaje kwamba nawachekea? Akatarizi midomo myekundu na meno meupe, safu nzima.

Alipomaliza aliivaa, akamwendea mumewe, Kadiri, aliyekuwa anakunywa chai.

"Unaionaje?"

Kadiri aliweka kikombe chini taratibu. "Inaonekana ina joto sana."

Sokoni ndizi ziliisha kabla ya adhuhuri. Watu waliuliza bei, wakalipa, wakaenda zao, wengine bila kungoja chenji. Unyevu nao uliulegeza uzi, tabasamu likapanuka hadi kukaribia masikio. Warda alidhani amependwa. Akamfumia na Staf, Mbelgiji muuza viazi wa meza ya pili, maskini asije akaganda.

Jumamosi moja akaja Andrée, bibi wa mtaa wa Etterbeek aliyewahi kufundisha Bukavu, Kongo, ambaye kila wiki hubishania chane moja ya ndizi mpaka wote wawili wasahau walipoanzia.

"Ni weye, maman Warda?"

"Ni mie! Hauone nacheka?"

"Naona," Andrée akasema, akirudi nyuma kidogo. "Hizi ndizi, combien?"

"Dix euros," Warda akajibu. Euro kumi kwa chane moja ilikuwa bei ya uchokozi mtupu.

"Bon. Shika."

Warda alibaki na noti mkononi, moyo umemshuka. Akamkimbilia kati ya meza za wauzaji, na Andrée aliposikia vishindo akaongeza mwendo.

"Maman, ngoja! Unalipa bila kunitukana? Uko mugonjwa?"

"Siko mugonjwa. Ni ile sura. Mutu hawezi kubishana nayo. Iko kama ilishakula wale waliobisha mbele yangu."

Warda aliivua, akaitazama kwa mbali, labda kwa mara ya kwanza. Akaguna. Kisha akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, na upepo ukayafanya baridi mashavuni.

"Alors," Andrée akasema, sasa amesimama imara, mikono kiunoni, "dix euros? Unaniiba mie, muzee?"

Wakabishana palepale hadi vidole vya miguu vikafa ganzi, na Warda akarudisha zaidi ya nusu akiwa na furaha tele.

Siku hizi anajipaka mafuta mazito usoni na kuvumilia. Staf hajavua barakoa yake. Anasema tangu aanze kuuza viazi, huu ndio msimu wa kwanza ambao hakuna mteja aliyesimama kumsimulia jinsi goti linavyomuuma.