Hata Tone la Maji Hakutia

Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwaminifu, na hilo nalisema kwa hasira. Mwizi unamjua, unafunga mlango. Mwaminifu akishakosea utamfanya nini?

Miaka hiyo ya sabini alikuwa mnunuzi wa maziwa, Shinyanga mjini. Wafugaji walipanga foleni barazani kwetu jua likichomoza, na vibuyu vyao na ndoo zao, naye hutoka na kipimo chake, kijiti cha kioo chenye tumbo chini. Ukikitumbukiza kwenye maziwa mazuri kinaelea, shingo yote nje. Yakiwa yametiwa maji, kinazama. Kikizama tu, bwana yule haulizi swali la pili. Anamwaga chini mbele za watu, hata kama mwenye maziwa ni bibi kizee aliyetoka kijijini kwa miguu. "Mayu, umetia maji," anasema, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. "Anayefuata!" Wasukuma wenzake walimheshimu sana kwa hilo. Mimi mtu wa Tanga lilikuwa linanichoma, lakini kazi ilikuwa yake.

Yangu ilikuwa kufundisha biolojia sekondari. Wanafunzi wangu walimjua ng'ombe nje ndani, ila ukiwatajia tumbawe, kiumbe wa baharini, wanakukodolea macho. Nikamlalamikia mama yangu kwa barua. Basi alipokuja kuniuguza uzazi wa mwanangu wa kwanza, loo, mama akashuka kwenye garimoshi na ndoo mkononi! Alikuwa ameingia pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na wanawake wenzake wanaochokoa pweza, akaokota jiwe lenye tumbawe laini lililolishikilia. Safari nzima aliibana ndoo kwa magoti, akikoroga maji kwa mkono yasikose hewa. Abiria wakamuuliza hiyo ni dawa ya nini. "Ya wazimu," akawajibu, "mwanangu kasoma mpaka anataka kufuga mawe." Nyuma, kwenye behewa la mizigo, yalikuja madumu ya maji ya bahari.

Halikuwa jiwe. Lilikuwa nyama tupu, rangi ya chai ya maziwa, nene kama sikio la ndama. Jua la asubuhi likipiga dirishani, linachanua vidole vidogo vidogo mwili mzima. Ukiligusa, linajifumba. Wanafunzi wangu walikuja kwa zamu kulitazama, na wapo waliogoma kurudi darasani.

Nililitunza kwa akili niliyonayo. Fundi wa madirisha alinitengenezea tangi la vioo. Maji yakianza kuchacha, karatasi za litmasi za maabara zinaniambia, nami natia magadi kidogo niliyoyeyusha, haya haya ya kuivishia maharage. Umeme ukikatika, nina mpira wa ndani wa gurudumu la trekta, nimeujaza kwa pampu ya baiskeli, unapuliza hewa polepole kwa mrija. Lakini kichwa cha mambo ni chumvi. Jua la Shinyanga linakunywa maji, chumvi linaiacha pale pale, kwa hiyo maji yaliyobaki yanazidi kuwa makali. Dawa yake ni kuongeza maji ya mvua, kidogo kidogo, kila siku. Na cha kupimia? Kipimo cha maziwa! Mume wangu alikuwa na cha akiba. Nilikitumbukiza kwenye maji ya bahari yaliyotoka kwenye dumu, na pale kiliposimama nikapaka mstari wa rangi ya kucha, nyekundu. Kikisimama kwenye mstari, tumbawe linachanua. Hapakuwa na uchawi.

Mwanangu alikuwa anajifunza kutembea ilipokuja simu kwamba mama hayupo tena duniani. Ukiniondoa mimi, lile tumbawe ndilo kitu pekee alichoacha mama ambacho bado kilikuwa hai. Nikafunga mzigo nalia, mtoto mgongoni, lakini sikuondoka kabla ya kumsimamisha mume wangu mbele ya tangi.

"Baba watoto, kipimo kikipanda rangi hii ikatoka juu ya maji, tia maji ya mvua mpaka kishuke. Pipa lile pale. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hebu sema."

"Kikipanda, maji ya mvua." Akasema vizuri kabisa, kama mwanafunzi wa kwanza darasani.

Nikakaa Tanga mpaka arobaini. Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni, ile ya pwani maji yakitoka na kitu kimeoza juani. Sijamtua hata mtoto, mume wangu kanishika mkono ananivuta dirishani, uso umemwiva kwa furaha.

"Tazama," akasema, akatumbukiza kipimo.

Kikaruka juu. Mstari wangu ulikuwa hewani, mbali na maji. Chini yake tumbawe la mama lilikuwa limelegea, jeusi, linachuruzika utelezi. Tangi lilikuwa limejaa pomoni, na madumu yote ya maji ya bahari yalikuwa yamelazwa chini, matupu. Kila maji yalipopungua aliongeza ya chumvi. Pipa la mvua lilikuwa halijaguswa.

"Nilikwambia nini?" nikapiga kelele mpaka mtoto akaanza kulia. "Ebo! Nilikwambia nini wewe mwanamume?"

"Kutia maji." Furaha ikamshuka usoni. "Nilichota, kweli nilichota. Mkono ukakataa. Kitu cha mama yako, marehemu, halafu mimi nikitie maji? Nilitaka urudi ukikute safi. Hata tone sikutia."

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mbona aliyekufa si mwenye sikio? Nilimtukana matusi ya kwetu na matusi ya kwao. Akasimama tu na kipimo mkononi, machozi yanamlenga, na machozi yale ndiyo yaliyonizidishia hasira, maana hata kumchukia sikuweza kumchukia vizuri. Nikachota yale maji kwa ndoo, nikayamwaga uani. Jiwe nikalizika chini ya dirisha.

Asubuhi yake foleni ilikuwa barazani kama kawaida. Kipimo chake alikuwa amekivunja, akachukua changu chenye rangi ya kucha. Nilikuwa kitandani nikasikia maziwa yanamwagika chini.

"Mayu, umetia maji."

Niliruka, nikafungua dirisha kwa kishindo. Bibi kizee ameshika kibuyu kitupu, mume wangu yuko mbele yake.

"Bora yeye katia!" nikapiga ukelele, foleni nzima ikageuka. "Bora yeye katia!"